Kiko cha Ma Kokushubila

Datius alikuwa na ugomvi na watu wote wa Mkoa wa Ziwa Magharibi, ila wenyewe hawakujua. Ugomvi ulikuwa huu: hakuna hata mmoja aliyekubali kupigwa picha akiwa kama alivyo.

Kazi yake hasa ilikuwa ubwana shamba. Alizunguka upande wa Muleba kwa baiskeli, akihimiza watu wapogoe mibuni na kuweka matandazo migombani, na watu wakimwitikia ndiyo bwana shamba, ndiyo bwana shamba, kisha wakiendelea na mambo yao. Picha zilikuwa za moyo wake tu. Kamera aliachiwa na padre mmoja mzungu wa Kashozi, mzee aliyekuwa anarudi kwao baada ya miaka mingi, naye akaona heri ampe kijana aliyeifuta vumbi kuliko kuibeba melini. Ilikuwa ya sanduku, yenye macho mawili mbele, ile ambayo mpigaji huining'iniza tumboni na kuinamisha kichwa kuchungulia kwa juu. Mama yake alisema akiwa nayo anafanana na mtu anayetafuta kiroboto kitovuni.

Basi ukiwa na chombo kama hicho, na macho ya kuona, utateseka. Datius alimwona mtu analima, amechafuka udongo mpaka kwenye kope, jasho linameremeta mgongoni, akasema moyoni, hii ndiyo picha. Hapo hapo yule mtu anamwona, anatupa jembe, anasema, "Ngoja waitu, nakuja." Kuja kwake ni baada ya kuoga, kupaka mafuta, kuvaa koti la marehemu mjomba na kuazima viatu kwa jirani. Kisha anasimama wima, mikono imebana mapajani, macho yamemtoka utadhani anasomewa hukumu. Ikiwa ni nyumba nzima, hutolewa nje kiti, kitambaa cha meza, saa ya mezani, na redio, hata kama haijaonja betri tangu uhuru. Mtoto akicheka anafinywa.

Picha za namna hiyo Datius alikuwa nazo sanduku zima. Watu wake walizipenda, wakaziweka ukutani, wakamshukuru kwa mikungu ya ndizi. Yeye alizichukia. Alizitazama akaona ni mtu yule yule mmoja, amebadilisha koti tu.

Lakini yote hayo yangekuwa mchezo kama si jambo moja. Baba yake alifariki Datius akiwa bado anatambaa, na nyumbani Kaagya hapakuwa na picha yake hata ya kusingizia. Watu walimwambia, una pua ya baba yako, una mwendo wa baba yako, naye hakuwa na mahali pa kwenda kuhakikisha. Jambo hilo lilimuuma utotoni, na ukubwani lilizidi. Ndiyo maana alikuwa amejiapia kuwa mama yake hataondoka duniani hivyo hivyo. Wala hakutaka picha ya mama aliyesimama kama mlingoti wa bendera. Alimtaka Ma Kokushubila mwenyewe, yule wa jikoni, mwenye kiko mdomoni na kicheko kinachosikika ng'ambo ya kibanja cha migomba.

Kiko hicho mama alikivuta tangu alipoolewa, kama wanawake wengi wa rika lake. Kilikuwa kifupi, cha udongo, kimeiva kwa moshi. Ila hakikuvuka kizingiti cha jikoni kwenda mbele. Padre akibisha hodi, au hata katekista, kiko kilizama chini ya maganda ya ndizi, na Ma Kokushubila akatokea sebuleni akinukia sabuni, rozari mkononi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilifanya hakijui.

Na filamu, enzi hizo, zilikuwa zimeadimika kuliko sukari. Mhindi wa dukani Bukoba alianza kutikisa kichwa kabla hujamaliza swali. Ukibahatika kupata moja, ukamaliza kupiga, huna pa kuisafishia pa kuaminika. Datius alimpa mtu anayesafiri na meli kwenda Mwanza, kisha akakaa kusubiri majibu kama mgonjwa. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo ya Datius yalikuwa yameumia miaka mingi.

Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, bwana mkubwa mmoja wa wilayani alimwita. Alisikia ana kamera. Saba Saba ilikuwa inakaribia, akataka picha ya wanakijiji wakilima shamba la pamoja, akampa na filamu ya kupigia. Datius aliishika ile filamu kwa mikono miwili. Akapanda baiskeli mpaka Kimwani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi, kwa sababu huko alikuwa amewaona kwa macho yake, asubuhi, ukungu haujainuka, watu wamejipanga mstari mahindini, majembe yakipanda na kushuka, mwanamke mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Kagaruki, alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

"Ta Kagaruki, nawaomba mlime tu kama jana. Mimi nisahauni."

"Tukusahau vipi, bwana shamba, na wewe ni mgeni wetu?"

"Basi msiniangalie."

"Picha hii inakwenda mjini?"

"Inakwenda Saba Saba, Bukoba."

Ta Kagaruki akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesoma akapitiliza. "Bojo, bwana shamba! Unataka watu wa mjini watuone na matope? Hata mtoto hapigwi picha ana kamasi."

Watu wakatawanyika. Datius alibaki shambani peke yake na majembe yamelala chini. Ukungu ukainuka, mwanga mzuri ukaenda zake, jua likapanda mpaka utosini. Ndipo wakarudi. Makoti. Kanzu zilizopigwa pasi. Wanawake katika magauni ya busuti, mabega yamesimama. Mzee mmoja alikuja na mwavuli. Walisimama safu mbili, warefu nyuma, majembe wameyashika wima kama bunduki za gwaride.

Aliwasihi walime basi, hata na makoti hayo hayo. Wakakubali, kwa kuwa ni watu wa adabu. Wakainua majembe yote kwa pamoja na kuyaacha hewani, wakimtolea macho, wasipumue. Datius aliinama kwenye sanduku lake akiomba majembe yashuke. Hayakushuka.

"Piga basi!" mmoja akalia. "Mkono unakufa ganzi!"

Akapiga. Angefanyaje? Na bwana mkubwa wa wilayani alipoiona picha hiyo alifurahi karibu amkumbatie. Ilibandikwa mahali pa mbele kabisa kwenye maonyesho, na chini yake maneno kwamba hawa ni wakulima wa ujamaa wakiwa kazini. Datius alijibanza kando kusikiliza watazamaji. Mzee mmoja alimgusa mwenziwe akauliza, "Huko Kimwani wanalima wakipita kwenda kanisani?" Wote waliokuwa karibu wakacheka, Datius akaondoka bila kunywa hata soda aliyoandaliwa.

Bwana mkubwa, kwa furaha yake, hakuidai filamu iliyobaki. Ndani ya kamera zilikuwa zimesalia nafasi chache, na Datius alijua kabisa ni za nani.

Akaanza kuwinda. Kila alipopata ruhusa alipanda basi la kwenda Bukoba, kisha akashika njia ya Kaagya, kamera mfukoni mwa begi. Na kila mara Ma Kokushubila alimshinda. Akiwa anapepeta maharage, alisikia begi likifunguliwa. Akiwa anamenya ndizi, aliona kivuli cha mtu aliyeinamisha kichwa. "Subiri nijimwagie maji, mwanangu," akasema, na akishasema hivyo hakuna nguvu ya kumzuia. Akarudi na busuti na rozari, akaketi, akafunga mdomo, akawa mtu mwingine. Safari moja Datius alipandwa na hasira, akafunga kamera, akatoka hata chakula hakumaliza. Njiani akajuta, akarudi, akala.

Hatimaye alijifunza ujanja. Aliacha kuinama. Aliweka kamera gotini, kitambaa mkononi, akawa anaifuta na kuifuta kama mtu asiye na nia, mpaka mama akaizoea kama alivyozoea chungu. Siku hiyo jirani yao Joviana alikuwa amekuja kuomba moto, na badala ya kuondoka na moto akakaa kupiga umbea. Alikuwa akisimulia jinsi mjumbe wao wa nyumba kumi alivyofika kwake kukagua choo, akafukuzwa na bata mzinga mpaka akaingia ndani ya hicho choo na kujifungia, na bata akakaa mlangoni akimlinda. Joviana hakusimulia tu, alisimama akawa mjumbe, kisha akawa bata. Ma Kokushubila alikuwa ameketi juu ya ngozi mlangoni pa jikoni, ndizi mapajani, maganda yamemzunguka. Alitoa kiko mdomoni, akarusha kichwa nyuma, akacheka. Pengo la mbele likaonekana, na mwanga wa jioni ukamwangukia usoni bila kizuizi.

Datius akabonyeza. Mlio ulikuwa mdogo kuliko wa kuni ikipasuka. Hakuna aliyegeuka. Aliendelea kufuta kamera, naye akacheka habari za bata kwa sauti kubwa kuliko wote.

Filamu ilivuka ziwa ikarudi. Alipofungua bahasha pale gatini, upepo ukipeperusha karatasi, alilazimika kuketi juu ya gunia la mtu. Alikuwa ameipata. Maganda, moshi mwembamba wa kiko, kichwa kilichorushwa nyuma, kicheko kizima. Ungeitazama ungesikia sauti. Alitembea Bukoba yote siku ile bila kujua anakwenda wapi, akisalimia watu asiowajua, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Angenyamaza hapo, pengine ingekuwa salama. Lakini furaha haikai tumboni. Alimpelekea dada yake Alistidia, aliyeolewa mjini. Alistidia aliitazama akashika kichwa.

"Mungu wangu! Mama na kiko!"

"Umeona?"

"Nimeona. Padre akiiona je?"

Lakini baadaye Alistidia alitulia, akaigeuza, akaitazama tena, macho yakamlegea. Akasema ingefaa ikuzwe, iwekwe kioo na fremu, apewe mama siku ya Krismasi. Kuna fundi anaitwa Lameki, ana studio yake hapo mjini, anajua kukuza. Ila atahitaji na ule mkanda wa filamu, na hii picha pia, aone inavyotakiwa kuwa. Datius alikuwa anatakiwa Kimwani kesho yake. Kampeni ya kilimo ilikuwa imepamba moto. Akampa vyote viwili. Alimwamini, ni dada yake, toka nitoke.

Siku ya Krismasi alifika Kaagya misa imekwisha. Sebule ya mama yake ilikuwa imejaa watu, majani mabichi yametandikwa chini, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinazungushwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Alipoingia tu, watu wakapiga makofi.

"Fundi amefika!"

"Sasa umekomaa, Datius. Hii ndiyo picha!"

Akainua macho ukutani. Ilikuwa kubwa, imewekwa kioo. Kiko hakikuwapo. Pale kilipokuwa palichorwa rozari. Maganda ya ndizi yalikuwa yamegeuzwa maua, mekundu na ya manjano, na mabega ya mama yamevikwa busuti ambayo hakuwa nayo siku ile. Mashavu yalipakwa rangi. Na mdomo ulikuwa umefungwa. Lameki aliufunga kabisa, akachora midomo mipya, imetulia, ya mtu wa heshima. Macho tu hakuyaweza. Macho yalibaki yanacheka juu ya mdomo uliokataa, kama mtu aliyekumbuka kichekesho akiwa msibani.

Datius alimvuta Alistidia mpaka nyuma ya nyumba.

"Mkanda uko wapi?"

Alistidia akautoa kwenye mkoba, umefungwa vizuri katika karatasi. Datius akauinua juani. Pale penye mdomo palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe, pakajazwa kwa penseli. Penye kiko pamekwanguliwa. Lameki juu ya picha alipaka rangi tu. Mengine yote aliyafanya kwenye filamu yenyewe, kama mafundi wazuri wanavyofanya, na kwa kweli alikuwa fundi mzuri. Hapakuwa na kitu cha kurudisha.

"Na ile picha ndogo?"

"Nilimwonyesha mama, akaitia motoni. Alisema hataki kuonekana mwendawazimu." Alistidia alimtazama kaka yake, akashtuka. "Datius, una nini? Si tumekusaidia? Ilikuwa imekosea, tumeirekebisha. Watu wote wanakusifu wewe, hakuna anayemtaja Lameki."

Hakumpiga, kwa kuwa hakuwahi kumpiga mtu. Alikaa chini ya mgomba akang'oa nyasi mpaka mikono ikawa ya kijani. Alisubiri wageni waondoke. Waliaga mmoja mmoja, kila mmoja akipita kumpongeza, na wawili wakamwuliza lini atakuja kuwapiga na wao vile vile, na maua.

Walipokwisha, akaingia. Ma Kokushubila alikuwa ameketi chini ya picha yake, anatafuna kahawa, ameridhika kama mtu aliyemaliza kuvuna.

"Mae, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ile ilikuwa wewe."

"Na hii ni nani? Joviana?" Akacheka, kisha akaona uso wa mwanawe, akaacha. "Keti. Wewe unanijua nikicheka. Umekulia jikoni kwangu, moshi wa kiko changu umeuvuta kabla hujaota meno. Unihitajie karatasi ya nini? Lakini hawa watoto wa Alistidia watazaa, na hao watazaa. Siku moja watakuja kunitazama hapo ukutani. Hao ni wageni wangu, Datius. Wewe umeona wapi mgeni anapokelewa na mtu amekaa juu ya maganda, kiko mdomoni, pengo nje?"

"Mimi ningefurahi!" Datius alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Baba yangu sina picha yake hata ya matope. Ningempata amekaa juu ya maganda, ningempata amelala mtaroni, ningeshukuru Mungu! Wewe hujui ni kitu gani kutomjua baba yako uso."

Ma Kokushubila aliacha kutafuna. Alitema ganda la kahawa kiganjani, akalitazama kwa muda.

"Alikuwa nayo," akasema.

"Nini?"

"Picha. Alikuwa nayo moja. Alipigwa alipokwenda kuchimba bati kule Kyerwa, kabla hujazaliwa. Kulikuwa na mzungu anapitapita na kamera, hakumwambia mtu ajiandae, akapiga tu. Baadaye akawagawia. Baba yako aliipenda, akaja nayo nyumbani, akaitia kwenye kasha."

Datius alisimama. "Iko wapi?"

"Siku alipokufa ua ulijaa watu. Shemeji zangu wakasema itolewe, iwekwe pale mbele, waombolezaji wamwone. Nikaitoa. Nikaitazama. Hana shati, suruali imepasuka goti. Nikasema hapana, mume wangu hawezi kupokea watu namna hii. Nikamwekea kifuani, ndani ya sanda, wakamfunga nayo."

Nje, kuku walikuwa wanapanda kulala. Datius alitaka kupiga kelele, alitaka kung'oa ile fremu ukutani na kuikanyaga. Badala yake alijikuta amepiga magoti mbele ya mama yake kama mtoto, amemshika mikono.

"Alikuwaje, mae? Humo ndani ya picha, alikuwaje?"

"Si nimekwambia? Ovyo tu." Akageuza uso pembeni. "Kifua wazi, amemshika mwenziwe begani, kichwa amekirusha nyuma, anacheka mpaka magego yote yanaonekana."

Akaanza kucheka mwenyewe kwa kumkumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja. Datius alimkazia macho, akitafuta usoni mwake ule uso wa baba aliokuwa anauona, na hakuona kitu.